Tone Kaskazini mwa Wingu

Bwana Hallgarth alinilipa peni sita kwa juma
nimnakilie barua, kwa kuwa mwandiko wake
ulikuwa nyayo za kuku juu ya majivu.
Nilikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wa mchonga mawe wa Allendale,
Kilatini sikijui, ila mkono wangu haukutetemeka
hata baridi ilipogandisha kidau.

Usiku alipanda kibandani, akavuta kamba, paa likafunguka,
akachora wingu la nyota kwa penseli,
upepo ukimtoa machozi.
Asubuhi mimi niliketi dirishani, nikalichora upya kwa wino,
safi, la kupelekwa Altona
kwa Daktari Oehlmann. Hawakuwahi kuonana hao wawili,
wala mwezi haukuwapita bila kuandikiana.

Siku moja ya Februari paka aliruka mezani.

Tone.
Dogo, kichwa cha sindano, kaskazini mwa wingu.
Karatasi ile ilikuwa ghali, na bwana aliihesabu.
Nikapuliza, nikakausha, nikakunja, nikapiga lakiri.
Nikajiambia: nani atahesabu nyota zote hizi?

Wao. Ndiyo kazi waliyokuwa nayo.

Jibu lilifika juma la Pasaka:
“Rafiki mpenzi, ile nyota yako ya kaskazini
nimeitafuta siku tatu, mawingu matupu.
Usiku wa nne nimeiona. Hafifu mno.
Nalipongeza jicho lako.”

Bwana akasoma mara mbili, akavua miwani.
“Enoki, nyota gani?”
Nikatazama viatu vyangu.

Usiku ule alipanda mapema, akashuka alfajiri.
Chai ikapoa mbele yake. Kisha,
kama mtu aliyeokota njiani mkoba wake mwenyewe,
akasema: “Ipo.”

Lisemwalo lipo, kama halipo laja;
na lililoandikwa je, likavuka bahari kwa stempu?

Kasisi Mulvany wa Cavan akaja juu, kurasa nane:
yeye hakuona kitu, na darubini yake
ni kubwa kuliko zao zote mbili zikiunganishwa.
Basi vita. Miaka sita nilinakili vita.
Nilinakili “kwa heshima zote,”
nilinakili “inanisikitisha kulazimika kusema,”
nilinakili pembe na umbali hadi sehemu ya kumi,
vipimo makini vya kosa la paka.
Paka mwenyewe alishakufa, tukamzika nyuma ya ghala.

Nilipotimiza ishirini niliandika barua yangu ya kwanza,
stempu nikainunua kwa fedha yangu.
Nikamwambia Altona yote: meza, tone, viatu.

Jibu lilikuja na jina langu juu ya bahasha.
Sikuwahi kuliona jina langu likiwa limesafiri.

“Kijana,” aliandika, “nilijua mwaka wa pili.
Niliinua mchoro mbele ya taa,
nikaona wino umepenya hadi upande wa pili.
Nyota hazifanyi hivyo.
Lakini usiku ule wa nne niliiona, nakuapia,
na sijui niliona nini.
Mwenzangu sasa ana miaka sabini, mkewe kafariki.
Anga ikitakata tunatazama mahali pamoja,
saa moja, yeye huko, mimi huku.
Uongo huu una kiti cha kukalia. Usiuondoe.”

Nikaikunja ndogo, ndogo zaidi.

Chumba cha pili bwana alikuwa ananiita:
“Kalamu, Enoki. Kwa Altona.
Jana palikuwa shwari. Ipo bado,
ingawa naona imepungua kidogo. Andika, kidogo.”
Nikachovya, nikagonga ncha mara mbili
kwenye mdomo wa kidau, nikasubiri idondoke yote,
nikaandika: kidogo.

Madaftari ya nakala ni kumi na manne, yako kamili,
kila ukurasa una namba.
Ile niliyoandikiwa mimi haimo.
Ndiyo pekee ambayo sikuinakili.